Amri, Agizo na Utaratibu: Neno Moja la Kiingereza Katika Masikio ya Askari



Mwezi Agosti mwaka 1888, katika ngome ya Labore iliyokuwa ukingoni mwa Mto Nile, upande ambao leo ni wa Sudan Kusini, askari walipangwa mstari ili wasomewe barua. Barua hiyo ilikuwa imetoka Cairo kwa Khedive Tewfik, mtawala wa Misri, nayo ilikuwa imebebwa na msafara wa Stanley kuvuka misitu ya Kongo. Mbele ya mstari walikuwapo Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, na Jephson, mmoja wa maafisa wa Stanley. Barua ilisema kwamba njia ya kutoka imepatikana. Anayetaka kuondoka na aondoke pamoja na msafara, na anayetaka kubaki na abaki, ila ajue kwamba anabaki kwa dhamana yake mwenyewe, wala asitazamie tena msaada wa serikali.

Ilipokwisha kusomwa, askari mmoja alitoka mstarini akasema kwamba hayo yote ni uongo na kwamba barua ni ya kughushi. Hoja yake, kama Jephson alivyoisimulia baadaye katika kitabu chake, ilikuwa fupi. Lau barua ile ingalitoka kweli kwa Effendina, yaani Khedive, ingaliwaamuru waondoke. Isingaliwaambia wafanye wapendavyo. Emin alimkamata mtu yule, na papo hapo wenzake wakamwelekezea gavana wao bunduki. Muda si mrefu baada ya hapo, huko Dufile, Emin na Jephson walitiwa kizuizini na maafisa wa jimbo lile lile.

Waandishi wengi wa Ulaya wamekisimulia kisa hiki kuwa ni utovu wa nidhamu tu. Utovu wa nidhamu ulikuwapo, hatukatai. Lakini askari yule, ambaye jina lake hatukuachiwa, alisema jambo ambalo kila mtu aliyewahi kuvaa sare atalielewa. Alikosea kuhusu karatasi, kwa maana barua ilikuwa ya Khedive kweli. Hakukosea kuhusu lugha. Aliyajua maneno ya amri yanavyokaa, na maneno aliyosomewa hayakukaa hivyo. Yalikuwa ruhusa iliyovikwa nguo za amri, naye akaikataa.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanahusu neno moja la Kiingereza linalopita kila siku katika kambi, katika vituo vya polisi na katika mahakama za Arua na Koboko, na ambalo wakalimani hulifasiri kana kwamba lina maana moja. Neno lenyewe ni "order".

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi neno hilo lilivyotufikia. Emin aliondoka na Stanley mwezi Aprili 1889, akafika Bagamoyo mwezi Desemba. Askari wake wengi walibaki nyuma. Mwaka 1891 Lugard, akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alikwenda hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuwatafuta waliokuwa chini ya Selim Bey ili awaingize katika jeshi lake. Selim Bey, mzee wa vita, hakukubali upesi. Alisema yeye ni mtumishi wa Khedive na hawezi kupigana chini ya bendera nyingine bila idhini ya bwana wake. Lugard alilazimika kukubali kwamba Khedive aandikiwe. Basi katika muda wa miaka mitatu, askari wa jimbo lile walikuwa wamewauliza wageni wawili wa Ulaya swali lile lile: nani amesema, na amesemaje?

Selim Bey hakufa vizuri. Mwaka 1893 Waingereza walimshuku kuwa anaandaa uasi, wakamwondoa Uganda akiwa mgonjwa, akafia njiani Naivasha. Miaka minne baadaye, mwaka 1897, askari wa Kisudani waliochoshwa na safari zisizokwisha, mishahara midogo na kutenganishwa na wake zao waliasi, na katika ngome ya Lubwa, Busoga, wakamuua Meja Thruston, afisa ambaye yasemekana aliwapenda na alikuwa akijua Kiarabu chao. Wazao wa askari wale, na wa raia waliofuatana nao, ndio Wanubi tunaowafahamu Arua, Koboko, Bombo na hata Kibera ya Nairobi.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Waingereza vya Uganda, Kenya na Nyasa viliunganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Mwaka 1914 Nile Magharibi ilitiwa katika Uganda, na tangu hapo vijana wa Kikakwa, Kilugbara, Kialur na Kimadi walianza kuandikishwa kwa wingi. Kijana wa Koboko aliyefika kambini alikuta lugha tatu. Kinubi kilisemwa katika nyumba za askari. Kiswahili kilisemwa katika mafunzo. Kiingereza kilisemwa na maafisa, na katika karatasi. Neno lilianza safari yake katika Kiingereza cha afisa, likapita katika Kiswahili cha sajini, likamfikia kurutu aliyekuwa akiwaza kwa Kikakwa. Hata neno "afande" ni ushahidi wa safari za namna hiyo. Asili yake ni Kigiriki, likachukuliwa na Waturuki kuwa "efendi", likaletwa na jeshi la Misri hadi Nile ya juu, na katika miaka ya 1950 Keya ikalifanya cheo kamili cha Waafrika, kati ya sajini meja na afisa. Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946, alikipata cheo hicho mwaka 1959. Leo askari wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda huitana "afande" bila kujali limetoka wapi.

Tulitazame sasa neno letu. Mwingereza akisema "order" mbele ya kikosi, mara nyingi ana maana ya amri, na hapo Kiswahili hakina shida. Neno "amri" ni zito na halina utani. Dini imelitumia kwa zile Amri Kumi. Mwananchi wa kawaida husema "sina amri juu yake" akiwa na maana ya mamlaka. Lakini Mwingereza yule yule akiwa kwenye uwanja wa gwaride atatamka neno lile lile kwa bunduki, na hapo hamaanishi amri yoyote: anataka bunduki iteremshwe kutoka begani mpaka kitako chake kiguse ardhi kando ya mguu wa kulia. Mkalimani atakayeshika kamusi na kusema "amrisha silaha" atachekwa na kikosi kizima. Mkuu wa stoo akiandika kwamba kituo kimetoa "order" ya mablanketi mia moja, ana maana ya agizo, au oda kama wafanyabiashara wanavyosema. Redio ya upepo ikiwa "out of order", imeharibika, wala haikuasi. Mtu akitunukiwa "order" na serikali, amepewa nishani. Wakubwa wakitaka majina yaandikwe "in order", wanataka mfuatano. Na "standing orders", ambazo askari mmoja mkongwe aliwahi kutufasiria kwa unyofu kabisa kuwa "amri za kusimama", ni kanuni za kudumu, ambazo mtu hulazimika kuzifuata hata akiwa amelala.

Hata Mabunge ya jirani zetu hayakuafikiana. Mbunge wa Kenya anayetaka kumkatiza mwenzake aliyevunja kanuni husimama na "hoja ya nidhamu". Mbunge wa Tanzania, kwa jambo lile lile, husema "kuhusu utaratibu". Mmoja ameona katika neno la Kiingereza tabia ya mtu, mwingine ameona mpango wa kazi. Wote wawili wamefasiri vizuri, na hakuna aliyesema "hoja ya amri".

Tusidhani kwamba Kiingereza peke yake ndicho chenye vurugu hizi. "Agizo" letu nalo lina tabia zake. Ukisikia kwamba mkuu ameagiza magari matano, huwezi kujua kama ameyanunua ng'ambo au ameyataka yatoke kambini sasa hivi. "Taratibu" ni mpango, tena ni polepole, polisi anayepaza sauti "taratibu!" mbele ya umati huenda anaomba yote mawili. Na neno "askari" lenyewe limebeba mwanajeshi, polisi, mlinzi wa magereza na mlinzi wa duka, hata mahakamani inabidi shahidi aulizwe: askari gani? Kiingereza kwa upande wake humwita kila polisi "officer", awe konstebo au kamishna, ilhali jeshini neno hilo ni la wenye kamisheni tu. Anayefasiri taarifa ya polisi kwa kuandika "afisa" kila mahali humpandisha cheo konstebo maskini bila kumwongezea mshahara.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Keya walituachia, nalo si la kuonea fahari. Kiswahili kilichofundishwa katika vikosi vile kilikatwa viungo vyake ili maafisa wageni waweze kukitamka. Ngeli zilitupwa, na badala ya vitenzi vya kukanusha likawekwa neno moja, "hapana". "Hapana piga" ilikuwa lugha ya kambi. Je, maana yake ni "usipige"? Au ni "hapigi"? Au ni "hatukupiga"? Katika Kiswahili kamili kila moja ina umbo lake, na sikio halikosei. Katika Kiswahili cha Keya yote matatu yalikuwa sauti ile ile, na askari alilazimika kumtazama afisa usoni ili ajue kama anakatazwa au anaulizwa. Usiku, au kwenye simu, uso hauonekani.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Arua na kisha kufika mpaka wa Sudan kupita Koboko mwanzoni mwa Juni, Viswahili viwili vya kijeshi vilikutana. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964, lilikuwa limechagua kuendesha gwaride lake kwa Kiswahili, "mguu pande, mguu sawa", na kuandika amri zake kwa sarufi inayofundishwa shuleni. Upande wa pili palikuwa na jeshi ambalo serikali yake ilikwisha kutangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini lilikuwa likisema zaidi kile cha Keya kilichochanganyika na Kinubi. Walielewana, ila si kwa kila neno.

Katika vita vikuu vya pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani huko Burma, katika bonde la Kabaw mwaka 1944, hadi daraja likajengwa juu ya mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba. Adui yule wa siku hizo alikuwa na lugha isiyovumilia mchanganyiko wa Mwingereza. Kwa Kijapani amri ya jeshi ni "meirei", agizo la bidhaa ni "chumon", mfuatano ni "junjo", utulivu wa umma ni "chitsujo", na nishani ni "kunsho". Hakuna mkalimani wa Kijapani awezaye kukimbia uchaguzi. Lazima aulize kwanza Mwingereza alimaanisha nini. Septemba 1945, Wajapani waliposalimu amri, waraka wa Wamarekani ulioitwa "General Order" namba moja ulitolewa kwa Kijapani kuwa "meirei", na majeshi mengi yaliweka silaha chini.

Hata hivyo yupo mmoja ambaye hakuziweka. Luteni Onoda alikuwa ameachwa katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, akiwa na amri ya kuendelea na vita vya msituni. Karatasi ziliangushwa kutoka angani kumwambia kwamba vita vimekwisha. Aliziona ni hila ya adui, akaendelea kwa karibu miaka 30, na watu wa kisiwa kile waliuawa kwa sababu hiyo. Mwezi Machi 1974 ilibidi mkubwa wake wa zamani, Meja Taniguchi, ambaye alikuwa amekwisha kuwa muuza vitabu, apelekwe hadi msituni akamsomee kwa mdomo wake kwamba ameondolewa kazini. Hapo Onoda aliweka bunduki chini. Kati ya Labore ya mwaka 1888 na Lubang ya mwaka 1974 kuna bahari na karne karibu nzima, lakini askari wale wawili walikuwa wakingojea kitu kimoja.

Katika sheria za leo swali hili limekuwa zito zaidi. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Uganda iliuridhia mwaka 2002, unasema katika kifungu cha 33 kwamba askari aliyetenda kosa hawezi kujitetea kwa kusema aliamriwa, isipokuwa kama alikuwa na wajibu wa kisheria wa kutii, hakujua kwamba amri ile si halali, na uharamu wake haukuwa dhahiri. Amri ya kuangamiza kabila au ya kutenda jinai dhidi ya ubinadamu huhesabiwa kuwa haramu dhahiri siku zote. Sasa fikiri, ndugu msikilizaji, juu ya askari aliyesimama kizimbani, ambaye mkubwa wake alimwambia jambo kwa Kiswahili, na mkalimani anatakiwa kulitoa kwa Kiingereza. Akisema "order", amemweka mtu huyo chini ya kifungu hicho. Akisema ushauri, au maoni, au ruhusa, amemvua kinga hata kabla hajasikilizwa. Neno moja la mkalimani laweza kuwa miaka 20 ya kifungo cha mtu, au kuachiwa kwa mtu asiyestahili kuachiwa.

Wakubwa waovu wanalijua hilo, ndiyo maana hawapendi kutamka amri. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri katika serikali ya Amin, aliandika mwaka 1977 kwamba watu wa usalama walipoambiwa wampe mtu heshima za mgeni maalumu, walielewa kwamba auawe. Hapo sura ya amri ilifichwa kwa makusudi. Askari wa Labore angeuliza: hii ni amri, au si amri? Askari aliyeuliza hivyo Kampala mwaka 1975 hakuwa na uhakika wa kurudi nyumbani.

Limebaki lile linalowagusa polisi zaidi. Kiingereza cha serikali hupenda kusema "law and order". Wapo wanaolitafsiri kuwa "sheria na amri", na kwa tafsiri hiyo raia anaelewa kwamba polisi wamekuja kuamuru. Wengine husema "sheria na utaratibu", wengine "amani na utulivu". Sisi tunaona kwamba hii ya mwisho ndiyo inayokaribia jambo linalotakiwa, maana "order" ya hapa ni hali wanayoishi watu wala si maneno ya mkubwa: soko limefunguliwa, barabara inapitika, mtoto amekwenda shule. Mwaka 2013 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kusimamia mikutano ya hadhara, ambayo ndani ya jina lake la Kiingereza mna neno "order". Polisi anayeisoma kuwa sheria ya amri atafika mkutanoni na moyo tofauti na yule anayeisoma kuwa sheria ya utulivu wa umma.

Watu wa Arua wana sababu ya kulipima neno hilo kwa makini. Baada ya mwaka 1979 majeshi ya serikali mpya yalikuja Nile Magharibi, na kurudisha utulivu ndiyo kazi ambayo kila serikali husema majeshi yake yamekwenda kuifanya. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci karibu na mji wa Arua, raia waliokimbilia hapo kutafuta hifadhi waliuawa na askari wa jeshi la serikali ya siku hizo. Wenye umri mkubwa katika mji huo bado wanaikumbuka tarehe. Ukiwaambia leo kwamba kikosi kinakuja kuleta "order", watataka kwanza uwaambie kwa Kiswahili, au kwa Kilugbara, ni kitu gani hasa kinacholetwa.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mahakamani Kiingereza kinaendelea kutumika, na mshtakiwa wa Koboko asiyekijua husikia mashtaka yake kupitia kwa mkalimani. Mkalimani wa namna hiyo, na koplo anayepokea ujumbe wa redio kwa Kiingereza ili aupeleke kwa doria kwa Kiswahili, wanafanya kazi ile ile, tena kwa haraka ile ile. Kabla ya kufungua kinywa inawapasa wajue anayesema ni nani, anamwambia nani, na kama huyo anayeambiwa anaweza kukataa bila kuvunja sheria. Kama hawezi kukataa, ni amri, na kitenzi kiwe cha amri: "rudini", wala si "mnaweza kurudi", wala si "ingefaa mrudi", wala si lile la Keya, "sasa rudi". Kama anaweza kukataa, lisitumike kabisa neno "amri". Na kama ujumbe wenyewe wa Kiingereza haueleweki upande wowote, koplo na aupeleke tena kwa aliyeutuma, aulize, hata kama aliyeutuma ni meja na saa ni za usiku.